Nilimpeleka Ba kuoga mito inapokutana, akakwama kwenye jina la mumewe

Wakuu salaam. Hii haina chumvi, miguu yangu mwenyewe ililowa. Mwenye ubishi aje La Rochelle, hapa Johannesburg, nimwoneshe viatu.

Naendesha bakkie, yaani pikapu, ya duka la vitambaa, Jules Street. Mwenye duka ni Mhindi, Kishor. Mama yake tunamwita Ba, ndiyo "mama" kwa Kigujarati. Kazaliwa Tanga kama mimi, na Kiswahili ananizidi.

Mwaka jana kulikuwa na Kumbh Mela kule India. Wahindu wanakwenda kuoga pale mto Ganga unapokutana na Yamuna. Umati wake, nadhani dunia iliinama upande ule.

Kishor akaenda. Ba, daktari akamkatalia ndege.

Sasa shida. Marehemu mumewe aliitamani safari hiyo maisha yake yote, duka likamganda. Ba akamwahidi kitandani: nitaoga kwa jina lako, mito inapokutana. Ahadi ya kwake, si ya mtoto.

Asubuhi moja akaniita. "Weye si umesoma? Huku hakuna mito ikutanayo?"

Wakuu, alimuuliza mtu sahihi! Matric, mtihani wa kumaliza sekondari huku, nimeipata shule ya jioni, na jiografia niliipiga mpaka mwalimu akataka kunikabidhi chaki.

"Ba, mto Klip unaingia Vaal, pale Vereeniging. Saa moja tu tumefika."

"Basi wangoja nini?"

Tukafika. Maji rangi ya chai ya maziwa. Ba kanishika mkono, tukaingia mpaka magotini. Moyoni nasema, huyu bibi akiteleza, kesho natafuta kazi Msumbiji.

Akainama. "Hii ya Baba Kishor."

Akasita, akatikisa kichwa. "Haifai. Akina Kishor wako wengi, mto utajuaje ni yupi? Litaje weye jina lake."

"Ba, mimi nilimwita Mzee tu. Sema, nikufuatishe."

"Mke amtaje mumewe? Huna adabu!"

Hapo nikaelewa. Mama yangu naye, tangu nizaliwe, mumewe ni "Baba Rajabu" tu.

Nikampigia Kishor, hapatikani. Mvuvi mmoja ukingoni akafoka, "Eish, gogo, samaki wangu wanakimbia!" Gogo ndiyo bibi kwa Kizulu.

Ba hakumsikia. Machozi yanamlenga. "Nimefika mpaka majini, nirudi na ahadi yangu?"

Akili ikanijia. "Ba, nipe kitendawili basi."

Akawaza. "Jina lake ni la yule mungu wa kwenye picha dukani, juu ya kaunta. Mwenye kichwa cha tembo."

"Ganesh!"

Akaziba mdomo kwa sari, anacheka kama mwari aliyeposwa jana.

(Mimi Muislamu, sikwenda kuabudu. Nilimtaja marehemu, basi.)

Nikapaza sauti mpaka Maputo nadhani walisikia: "Ganesh, mume wa Ba, wa Jules Street!"

Ba akajizamisha mara tatu. Yule mvuvi akavua kofia.

Kurudi, alilala njia nzima, hata kwenye robot, taa za barabarani, nikifunga breki haamki. Kiti kimelowa chapachapa.

Funzo wakuu: jina la mzee wako, na la mzee wa jirani, lijue mapema. Siku likihitajika, anayelijua kuliko wote ndiye asiyeweza kulitaja.

Kwenu wamama wanawaitaje waume zao? Mwageni hapa chini, nasoma zote.

Mimi jioni ile nilipiga simu Tanga. "Mama, hebu taja jina la baba."

"Una wazimu?" Akakata.