Mbegu Hazimngoji Mgeni wa Heshima

Asubuhi niliyotoka Murang'a sikuwa na mpango wowote. Shule niliiacha mapema, nikachoma makaa, nikachunga nyuki wa watu, na kila mji nikishaujua ulinichosha. Nilishuka Nyeri kwa sababu tu mvua ilikuwa imekatika. Nyuma ya soko, wanaume walikuwa wakishusha magunia kwenye stoo ya shirika la misaada. Nikasimama kuuliza yana nini.

"Unauliza kama polisi," akasema Mkuu wa Stoo, mtu wa Machakos mwenye sauti nzito. "Shika gunia, utajua."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Alinifundisha kwamba mbegu ya kupanda hutiwa dawa ya wadudu, ndiyo maana ina rangi na hailiwi, na kwamba gunia hukaa juu ya mbao lisinyonye unyevu wa sakafu. Baadaye nilipelekwa Nanyuki, kisha, kichwa kikiwa kimeshajaa mvi, Kieni, upande mkavu wa Nyeri, nikiwa mtunza stoo mwenyewe.

Kieni watu hupanda vumbini. Mahindi hufukiwa udongo ukiwa bado mkavu, ili mvua ya kwanza iyakute tayari chini. Mvua ya huko ni fupi. Ukiingoja inyeshe ndipo upande, mahindi hufika magotini yakakauka. Mwaka wangu wa kwanza tulichelewa kuleta mbegu. Nyokabi, mjane aliyelea wajukuu peke yake, aliyakata mabua machanga akampa mbuzi.

"Asante kwa chakula cha mbuzi," akaniambia.

Mwaka uliofuata mbegu ziliwahi, lakini Mratibu wa shirika akaamuru zisiguswe mpaka sherehe ya kuzikabidhi. Kutakuwa na hema, akina mama wataimba, na mgeni wa heshima kutoka Nairobi atapigwa picha akigawa. Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Mawingu yakaanza kushuka kutoka mlimani.

Nyokabi akaja na wenzake, jembe begani. "Mzee, mbegu iko hapo ndani?"

"Iko."

"Na mvua iko pale. Ati sisi tunangoja nani?"

Nikampigia Mratibu simu.

"Usifungue," akasema. "Wafadhili wanataka kuona watu wakipokea."

"Waje waone wakivuna."

"Mzee, ukifungua hiyo stoo, huna kazi."

"Basi usihangaike na ufunguo. Mlango utaukuta wazi."

Nikafungua. Waliondoka na magunia kwa migongo, kwa punda na kwa wilbaro, wakinitania kwamba leo mgeni wa heshima ni mimi, mbona sina tai. Mvua ilipopiga, Nyokabi alikuwa amefukia shamba lake lote. Alikaa ukingoni akilowa, hataki kuingia ndani.

Mgeni alipofika hatimaye, mahindi yalimfika kifuani. Alipigwa picha katikati ya shamba la Nyokabi, na Mratibu akasifiwa kwa kuwahi msimu. Kisha Mratibu akanivuta kando.

"Mzee, umri umefika. Pumzika."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Vijana wa kazi hii huniuliza kama najuta. Sijuti hata kidogo. Wangeninyang'anya ufunguo, ningevunja kufuli. Utaratibu nauheshimu pale unapomfikishia mtu kitu, ukimzuilia, nauruka. Anayeleta mbegu baada ya mvua ameleta gunia tu, hata akilileta kwa nyimbo.

Kupumzika kumenishinda. Juzi niliondoka tena, nikafika Wang'uru, kwa kuwa sijawahi kuishi penye mpunga. Mama mwenye vyumba vya kukodisha alinionyesha kimoja chenye kitanda na dirisha linalotazama mashamba yenye maji. Huku akifungua mlango, akanieleza kwamba mtoto wa jirani amebanwa na kifua, hata kunyonya hawezi. Kikundi chao cha akina mama kitampeleka hospitali Jumapili, wakishakutana.

"Mama, huyo mtoto anaugua leo ama Jumapili?"

Akanitazama, ufunguo mkononi.

"Weka mfuko wako ndani," akasema. "Twende."