Anisia Aliyeipa Mashine Dakika Nne

Anisia alirudi Burundi mwaka 2008, akiwa na miaka kumi na miwili, juu ya lori lililovuka mpaka wa Kobero limejaa mabati, mbuzi na watu. Alikulia kambini Tanzania, kwa hiyo alikuja na Kiswahili safi na Kifaransa sifuri. Darasani kwetu Muyinga walimcheka. Mimi Nazario ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa hesabu, na nasema wazi: nilicheka pia, na hadi leo naona haya.

Alijifunza Kifaransa kwa hasira, akasomea kompyuta Gitega, na mwaka 2021 shule yetu ikamchukua kwa majaribio. Kazi yake ilikuwa kutuondolea balaa la ratiba. Tulikuwa walimu ishirini na wanane, kila mmoja na sharti lake. Kwa kalamu ya risasi tulimaliza wiki tatu, na ugomvi juu. Anisia akaandika programu ya kuitafuta ratiba ndani ya kompyuta huku yeye akiendelea kuingiza masharti. Direkteri Sebastiani, mkuu wetu wa shule, akamwambia neno moja tu: Jumatatu masomo yanaanza, ratiba isipokuwepo, arudi kwao akalime.

Ijumaa mashine ikakwama.

"We Anisia, hii machine iko nafanya nini?" Direkteri alifoka mlangoni. "Tangu asubui iko nazunguka tu!"

"Inatafuta, Direkteri."

"Iko natafuta nini, ilipoteza? Mi naona Jumatatu tu."

Mkosaji mkubwa nilikuwa mimi. Kwetu muungwana hasemi haja zake zote kwa mara moja. Anaondoka, halafu anarudi. Nami nilirudi kwa Anisia mara tisa, kwanza nikitaka kuachiwa Ijumaa mchana nipate basi la kwenda nyumbani kwangu Nyamugari, Gitega, kisha hili, kisha lile. Wenzangu vivyo hivyo. Kila sharti jipya lilianzisha utafutaji mpya, bila ule wa zamani kuambiwa uache. Mafundi huuita kila utafutaji wa namna hiyo uzi. Jumamosi Anisia alizihesabu nyuzi zake: arobaini na moja, zote zikigombania mashine moja, na arobaini kati yake zikitafuta majibu ambayo hakuna aliyeyahitaji tena.

"Mwalimu," akaniambia, "tisa ni zako peke yako."

Akarekebisha. Sharti jipya likija, uzi wa zamani unaamriwa usimame, unasubiriwa mpaka usimame kweli, ndipo mpya unaanza. Mashine ikapata nafuu, lakini jibu halikuja. Saa nzima ikapita, na nyingine. Ndipo akafungua kumbukumbu za programu kuona imefanya nini, na alichokisoma kikamfanya apige kelele hata mlinzi akaja mbio. Dakika ya tatu tu, uzi ulikuwa umepata ratiba iliyotimiza masharti yote isipokuwa moja, ukaitupa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuagiza usilete chochote chenye kasoro. Mtu aliyechekwa kwa kila kosa haonyeshi kazi nusu.

Na ratiba kamili haikuwepo duniani. Saa ya mwisho ya Ijumaa, darasa moja lilihitaji ama mimi ama Husni wa fizikia. Husni lazima awe msikitini. Mimi nilitaka basi.

Akaweka kikomo: dakika nne, kisha uzi usimame na utoe kilicho bora kati ya ulivyokwisha kupata, ukitaja na sharti lililovunjwa.

Jumatatu saa moja asubuhi tulijaa ukumbini. Anisia akabonyeza. Direkteri hakuondoa macho kwenye saa yake. Dakika ya nne ilipokwisha, ratiba nzima ikatokea ukutani, na chini yake mstari mmoja mwekundu: Nazario, Ijumaa, saa ya mwisho.

Wote wakanigeukia. Nina miaka ishirini na mmoja katika shule ile. Neno langu moja lingetosha kumrudisha Anisia shambani. Aliniangalia bila kuomba kitu.

"Hata Jumamosi basi lipo," nikasema. "Ibandikeni."

"Voilà!" Direkteri akaruka kitini. "Anisia, kesho uje na diplome yako. Tunafanya contrat ya kazi."

Dorotea wa jikoni akapiga vigelegele dirishani, walimu wakasimama, Anisia akacheka huku analia. Nami, mtu pekee aliyeshindwa asubuhi ile, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.