Wamarekani Walionifundisha Kumchora Mama

Kuna watu waliokufa kabla babu yangu hajavuka Ruvuma kuja kulima upande huu, tena Wamarekani, na mpaka leo wananigombanisha na ndugu yangu wa tumbo moja. Walikuwa wachoraji. Sijawahi kuona hata picha moja waliyoigusa kwa mikono yao. Nimewaona kitabuni tu. Hawakunijua na wasingetaka kunijua. Lakini tangu walipoingia machoni mwangu siwezi kumtazama mtu akimenya muhogo bila kutafuta kivuli kinapoangukia, na huo kwangu ni ugonjwa, sitausifia.

Nilikutana nao chuoni, nikisomea ualimu wa sanaa. Mkufunzi wetu alikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha picha kilichoachwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, na kitabu hicho ndicho kilichokuwa mtaala, maktaba na mtihani. Humo walipangwa wachoraji wa Marekani ya zamani, wale waliochora vitu kama vilivyo: mkulima ana tope, mvuvi amechoka, daktari anampasua mtu na damu iko vidoleni. Wenzao ng'ambo walipoanza kuchora nyuso vipande vipande na kumwaga rangi ovyo, hawa waling'ang'ania makunyanzi ya ngozi na mbao za ghala. Mkufunzi aliwapenda kuliko alivyotupenda sisi. "Chora unachokiona," alikuwa akisema kila kipindi, halafu anatupa theluji tuinakili. Muhula mzima tulinakili theluji, sisi ambao baridi yetu ni sweta la asubuhi mwezi wa saba.

Siku ya kuchora nyuso aliandika ubaoni namna ya kuchanganya rangi ya ngozi, kama kitabu kilivyosema: nyeupe nyingi, njano kiasi, nyekundu kidogo. Tukaandika. Tukakaa wawili wawili, Wamakonde, Wamakua na Wayao watupu, kila mmoja akamchora mwenzake kwa rangi ya ubaoni. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Mwisho wa kipindi ukuta ulikuwa umejaa nguruwe wachanga wenye majina yetu chini, na nusu ya darasa ni Waislamu. Mkufunzi akapita akitoa alama. Mimi nilipata nzuri, nikafurahi, na kila nikikumbuka ile furaha natamani kumzaba mtu kibao, sijui nani.

Nilikipekua kitabu kile nikimtafuta mtu wa rangi yangu. Walikuwapo: mmoja ameshika sinia nyuma ya meza ya wakubwa, mwingine ameinama shambani, mwingine anacheza ili wengine wacheke. Niliyemkuta ameketi kwa raha zake, amechorwa kama mtu mwenye mambo yake kichwani, alikuwa mmoja, na maelezo ya chini yalisema aliyemchora naye alikuwa mweusi. Mchoraji huyo walimpa kurasa mbili. Wenzake weupe walipewa kitabu kizima.

Hata hivyo kazi waliijua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kulikuwa na picha ya bibi mmoja jikoni, anamenya matunda karibu na dirisha. Hakuna kinachotokea. Hajapambwa, hajafutiwa hata kunyanzi moja, na mchoraji amekaa na vile vidole vyake kwa subira ambayo sijaiona hata msibani. Nilimchukia mchoraji yule kwa sababu alimheshimu bibi yake kuliko nilivyowahi kuona mtu akimheshimu mama yangu. Nikaapa kwamba mama yangu naye atachorwa hivyo, na ile rangi ya ubaoni ikaoze huko huko.

Ilichukua miaka. Ualimu sikudumu nao. Nikaingia kuandika mabango ya maduka pale Chikongola, mjini Mtwara, kazi inayonilisha hadi leo. Mwaka juzi nikaanza kwenda kwa mama, huko Mtawanya nje ya mji, kila asubuhi nisipokuwa na bango la mtu. Mama ana chale za Kimakonde usoni, mashavuni mpaka kwenye paji, alizochanjwa akiwa msichana na kusuguliwa masizi mpaka zikawa na bluu ya ndani kwa ndani. Nilimchora akimenya mihogo barazani, mtandio umeshuka mabegani kwa sababu ya joto, shingo iko wazi.

Rangi ya ngozi yake haikuwamo kwenye kopo lolote. Nilianza na kahawia, nikapata ukuta wa udongo. Nikatia bluu, nikatia nyekundu, nikafuta, nikaanza tena. Shingo peke yake ilinila wiki kadhaa, maana pale kooni ngozi yake inabadilika rangi akimeza mate, na nilitaka hilo lionekane. Naye hakutulia. Aliinuka kufukuza kuku, alipokea simu, alisinzia.

"Si ungemwita ntu wa studio akanipiga," aliniambia, kwa Kiswahili chake cha Kimakonde, "akaniwekea maua nyuma?"

Nilipomwonyesha alikunja uso. "Mbona umenifanya nzee?"

"Wewe ni mzee, mama."

"Kila ntu anajua. Ndiyo unitangaze?"

Lakini kesho yake, kabla hata sijamwamkia, aliniuliza yule mzee mwenzake yuko wapi, nikamtolea akamtazama tena.

Picha ilipokauka niliipeleka mjini, kwenye hoteli moja ambako kulikuwa na maonyesho ya wasanii wa kusini. Aliyekuwa akichagua kazi alikuwa bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu visivyojua mchanga. Aliitazama kwa muda, akasifu mikono, akasifu mwanga. Kisha akasema, "Ila hiki ni Kimarekani cha zamani, dada. Mgeni akija Mtwara anataka kuona Umakonde."

Nikamwonyesha chale. Nikamwambia Umakonde huo hapo, umekaa usoni mwa mtu, hauhitaji kutafutwa.

"Namaanisha mashetani," akasema. "Yale maumbo ya vinyago vyenu."

Vyenu! Nilikaribia kumwonyesha shetani mwenyewe palepale. Yaani nimenakili theluji ya watu muhula mzima, nimewaibia Wamarekani kile kidogo walichokuwa wakikijua, nimekileta mpaka barazani kwa mama yangu, halafu anatokea mtu kuniambia kwamba mama yangu akichorwa kama alivyo si wa hapa. Nikaifunga picha kwenye kanga, nikapanda bodaboda, nikaipeleka Mtawanya. Kama haina pa kukaa mjini, itakaa nyumbani kwa mwenyewe.

Niliitundika sebuleni siku ya Alhamisi. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, alikuja kaka yangu. Ni mkubwa kwangu, ana duka la vifaa vya ujenzi, na tangu alipoanza kuhudhuria darsa za msikiti fulani amekuwa msimamizi wa dini ya ukoo mzima. Kila Ijumaa huja kula kwa mama. Aliingia, akasimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

"Huyu nani?"

"Humjui?"

"Namjua. Nauliza nani kamwacha shingo wazi mbele za watu."

"Joto," nikasema.

Mama alikuwa anapakua ugali.

Kaka akaanza. Kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha ya kiumbe. Kwamba siku ya kiama mchoraji ataambiwa avipe roho alivyovichora, na je, nitaweza? Nikamwambia kalenda ya mgombea ubunge imekaa ukutani hapo tangu uchaguzi, meno yote nje, na malaika hawajalalamika. Nikamwambia uso wake mwenyewe uko kwenye simu yake, kila akipiga anatutokea na miwani.

"Hiyo ni kamera. Hii umeumba kwa mkono," akasema. "Na hizi chale, mdogo wangu? Mambo ya ujahili haya, tumeyaombea msamaha. Mama amebaki nazo kwa sababu hakuna namna. Wewe unaziandika upya ili wajukuu wazione?"

"Ndiyo. Wazione."

"Hao Wamarekani wako ndio waliokuambia?"

"Ndio. Na wewe, mwenye duka la bati, nani alikuambia mama alale chini ya paa linalovuja?"

Hapo alivua kiatu cha pili akaketi kula, na mimi nilijua nimempata, nikaona raha. Raha yenyewe haikukaa. Alipomaliza kula alinawa mikono polepole, akasimama mbele ya picha, akapitisha kidole hewani chini ya kidevu cha mama. Akasema masharti yake kwa sauti ya mtu anayeuza saruji: picha ikikatwa kichwa si kiumbe tena, ni sawa na mti au jiwe, shekhe wao amesema. Mstari mmoja shingoni unatosha. Nikiupiga, picha itakaa.

"Nimkate mama shingo?"

"Picha, si mama."

"Shingo hiyo nimeitafuta wiki nzima nzima, wewe! Hujui hata ina rangi ngapi."

"Ijumaa ijayo nikiikuta nzima naitoa mimi," akasema. "Na sitaitoa nikupelekee kwako. Jikoni kuna moto."

Mama alikusanya vyombo akatoka navyo nje.

Wiki ile nililala kwa mama. Nilikuwa nimeacha pale sanduku langu la rangi, nikajifanya narekebisha kona ya mtandio kwenye picha, lakini kazi yangu ilikuwa ulinzi. Kaka alipiga simu mara mbili kuuliza nimeamua nini na mara mbili nilimkatia. Nilipanga maneno ya kumwambia, mengine ya matusi, nikayasema peke yangu nikifua. Mama aliyasikia. Hakusema lolote kuhusu picha, na mimi sikumuuliza. Niliona jambo liko wazi, picha yake, uso wake, atakuwa upande wangu.

Ijumaa yenyewe ikanitokea kazi Mikindani, bango la duka la vitambaa ambalo mwenyewe alitaka liishe kabla hajafungua mchana. Nilikwenda mapema ili niwahi. Niliporudi, kiatu cha kaka kilikuwa mlangoni. Nikaingia mbio, mdomo umeshajaa.

Alikuwa ameketi mkekani, amekunjuka uso. "Mungu akulipe, mdogo wangu," akasema. "Nilijua utafikiri."

Nikatazama ukutani. Shingoni mwa mama, kutoka bega mpaka bega, mstari mweupe, mnene kama kidole, umekwenda upande upande. Umepita palepale kooni.

Sikumbuki nilichosema kwanza. Nakumbuka nilimwita kaka mnafiki, mharibifu, fundi wa kuchinja, na kwamba alisimama akaapa kwa Mungu, mikono juu, hakuigusa. "Si wewe?" aliuliza. "Nimeikuta hivi." Alikuwa akisema kweli, nilimjua tangu utotoni, akidanganya hutazama chini.

Mama aliingia na sinia la wali. Kwenye kidole chake cha shahada rangi nyeupe ilikuwa imeingia hadi ndani ya kucha.

Hakuna aliyekula vizuri. Kaka aliondoka mapema, akiwa amepata alichokitaka na asionekane kukifurahia. Mara tu alipotoka nikafungua sanduku, nikatoa chupa ya tapentaini na tambara. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Mstari ungetoka wote siku ile, na shingo iliyo chini yake ningeiokoa.

"Weka chini," mama akasema.

"Mama, huu naufuta sasa hivi, haijawa kitu."

"Mmegombea shingo yangu wiki nzima, wewe na yeye. Nani kaniuliza?"

Nikaliweka tambara chini. Katika kitabu chote kile cha Wamarekani hakuna aliyechorwa akainuka kwenye kiti chake akashika rangi. Wamekaa tu, miaka na miaka, walivyokalishwa. Hakuna aliyenifundisha cha kufanya mtu akiinuka.

"Nikifa," mama akasema, "nyumba hii itashikwa na kaka yako. Wewe utakuwa kwenye mabango yako. Akinikuta nzima atanichoma. Nimejikata mwenyewe, ndiyo nitakaa."

Nilimwambia ningeichukua niihamishie kwangu. Akasema kwangu ni chumba cha kupanga, na wajukuu hawaji kwangu, wanakuja hapa. Nikamwambia ameharibu kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Akasema anajua, ameiona, ndiyo maana alitumia kidole, alikuwa akiogopa brashi itachukua zaidi. Kisha akaivua picha msumarini mwenyewe, akaibeba hadi ukuta wa pili, ule ambao kaka huupa mgongo akisali, akanisubiri nigonge msumari.

Niligonga. Hasira nilikuwa nayo, na mle ndani hapakuwa na mtu wa kumtolea.