Samaki wa Bafuni kwa Zenon

Enzi zile serikali ya Poland ikipanga kila kitu, Zenon alipuliza kioo cha umbo moja tu: mpira mwekundu wa kutundika kwenye mti wa Krismasi. Miaka nenda rudi, mpira. Hakuna aliyelalamika. Kingine hakikuwepo.

Serikali ile ikaanguka. Ushirika wa vioo aliofanyia kazi ukapata mkurugenzi mpya, Gwidon, mtu wa tai na maneno.

"Wanunuzi wa nje wamechoka na mpira," akasema. "Aina mpya ndiyo mauzo. Aina, Bwana Zenon!"

Zenon akapuliza tango. Akapuliza kiatu, nguruwe, simu, hata kofia ya polisi. Wamarekani wakanunua vyote, wakataka vingine. Desemba ilipofika, akili ilikuwa imemkauka.

"Mkesha wa Krismasi nakuja kwako," Gwidon akamwambia. "Kama huna umbo jipya, moto wako nauzima."

Zenon akarudi nyumbani aoge, apate kufikiri. Bafu lilikuwa na mwenyewe. Mkewe, Bronka, alikwisha kumtia humo samaki wa kuliwa usiku wa mkesha, mzima, anaogelea, kama kila nyumba pale mtaani. Zenon akamtazama samaki. Samaki akamtazama Zenon.

Kesho yake akampuliza kwa kioo, magamba na yote.

"Usimguse, mke wangu," akasema. "Naweza kumhitaji tena. Yuko kazini."

"Ana kazi? Basi kampita kaka yako."

Mkesha ukafika. Gwidon akakalia kiti ambacho kila nyumba humwachia mgeni asiyetarajiwa, ingawa yeye alitarajiwa kama kodi. Akageuzageuza samaki wa kioo.

"Mmoja tu? Huu ni mpira wenye mkia. Yuko wapi samaki mwenyewe? Tumtoe aina nyingine. Aliyeachama. Aliyenuna."

Zenon akakimbilia bafuni. Maji yapo, samaki hayupo. Jikoni kunanukia siagi.

Bronka akaweka sahani mezani.

"Huyu hauzwi nje," akasema. "Karibu, Bwana Mkurugenzi."

Gwidon alikula, akaongeza, akaongeza tena. Ikabaki miiba. Zenon akaiinua kwenye taa.

"Na hii?"

Gwidon akafuta mdomo. Akafumba jicho moja.

"Aina ya pili," akasema.

Moto haukuzimwa. Krismasi iliyofuata, Wamarekani walitundika miiba ya kioo mitini mwao.

"Waache," alisema Bronka. "Mnofu tulikula sisi."