Mbu Ambao Afisi Inasema Hawapo

KITALE, 1949. Saa tatu asubuhi ya Jumapili, Zakaria Wabwile anapiga magoti kwenye ukingo wa shimo la udongo, anateka maji kwa upawa na kuyamimina katika bakuli jeupe. Anayaacha yatulie. Kisha anaita, "Mama, kuja uone mwenyewe."

Jelimo anasogea. Ndani ya bakuli kuna viluwiluwi saba vya mbu, vimejilaza juu kabisa ya maji.

"Ile inaning'inia kichwa chini ni mbu ya kelele tu," Wabwile anamweleza. "Lakini hii inalala namna hii, kama mtu iko kwa kitanda, ndiyo inaleta malaria. Na iko saba kwa upawa moja. Saba!"

Jelimo anavihesabu mwenyewe kwa kidole. Wiki tatu zilizopita alimzika mwanawe, Kipkemboi. Bintiye Cherono, wa miaka minne, amelala kibandani hatua mia mbili kutoka hapa, na leo ni siku yake ya kutetemeka, maana homa humrudia kila baada ya siku mbili.

Wabwile, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ndiye mtu wa mbu wa mji wa Kitale. Siku sita kwa wiki huzunguka na mtungi wa mafuta mgongoni, akinyunyizia mitaro na madimbwi ili viluwiluwi vikose pumzi. Alizaliwa karibu na Bungoma, ambako malaria haikosi nyumba, na kazi hii alifundishwa jeshini, huko Burma.

Shimo hili liko maili tano nje ya mji, katika shamba la mzungu ambaye vibarua humwita Bwana Matofali. Mwaka jana alichimbua udongo wa kujengea nyumba yake mpya. Nyumba ikakamilika, mashimo kumi na manne yakabaki wazi, na mvua ikayajaza. Kambi ya vibarua iko kando yake. Tangu Mei kambi hiyo imezika watoto kumi na mmoja.

Kumi na mmoja! Na afisi ya afya inasema hapa hakuna malaria, eti pako juu mno, futi elfu sita na ushei, na baridi haimpi mbu nafasi ya kueneza ugonjwa. Hayo yameandikwa na kupigwa muhuri. Kwa sababu ya karatasi hiyo, zahanati haiwapi watu wa kambi vidonge vya malaria. Inawapa dawa ya kikohozi. Kwa sababu ya karatasi hiyo hiyo, Wabwile haruhusiwi kumwaga hata tone la mafuta nje ya mpaka wa mji.

Mwezi uliopita aliipelekea afisi viluwiluwi vya hapa ndani ya chupa. Mkubwa wake alivimwaga dirishani bila kuvitazama, akamwonya kwamba akionekana tena kwenye mashimo haya atafukuzwa.

"Niliona chupa yangu inamwagwa kwa maua," Wabwile anasema, na sauti inampanda. "Nikasema, bwana, hiyo ni watoto ya watu unamwaga."

Watu wa mlimani nao hawakuujua ugonjwa huu. Jelimo anatoka kwenye miteremko ya Elgon, na kwao mtoto akitetemeka, basi baridi imemwingia kifuani. Alifanya kama mama yake alivyokuwa akifanya: alifunga mlango, akachochea moto usiku na mchana, akamfunika Kipkemboi kwa ngozi ya kondoo.

"Nilijua ni kichomi," anasema. "Mtoto anasema mama nachomeka, mimi naongeza kuni. Anasema tena, mimi naongeza."

Kumbe moto ule ulikuwa ukiwastarehesha mbu. Baridi ya nje huwalegeza, lakini ndani ya kibanda chenye joto kama la Bungoma hujificha kwenye nyasi za paa na kushuka kunyonya damu wakati wowote. Wabwile ndiye aliyemweleza Jelimo hayo, baada ya maziko. Anasema hata Burma hakupewa kazi ngumu kama hiyo.

Bwana Matofali alipoulizwa na mwandishi wa habari hizi, alijibu akiwa barazani kwake kwamba homa, kama ipo, imeletwa na vibarua wa Bungoma, na kwamba amekwisha kuwafukuza thelathini. Ni kweli mtu anaweza kupanda huku na homa mwilini. Lakini thelathini wale hawakupanda na mashimo. Tena baraza hiyo imezungushiwa waya wa kuzuia mbu, na mezani, kando ya chai, palikuwa na chupa ya kwinini, dawa ya malaria. Ya nini, ikiwa hakuna malaria?

"Mazoea tu," alisema, akaendelea kunywa chai. 

Sasa Wabwile anafungua debe. Ameleta manne kwa mkokoteni, mafuta machafu aliyoyaomba gereji. Vidonge vyake mwenyewe alimpa Cherono mara ya kwanza alipougua, na vimekwisha. Jelimo anamshika mkono, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Nekoye, watakufukuza kazi."

"Watanifukuza," anakubali, na kumwaga. Mafuta yanatanda juu ya maji. Kisha anamgeukia mwandishi. "Andika jina yangu yote. Andika na siku."

Mpango wake ni huu: kesho asubuhi atajiripoti mwenyewe afisini; afisi haimfukuzi mtumishi bila barua, na barua haikosi sababu.

"Wataandika nini? Ati nilikuwa naua mbu haiko?" anauliza. "Lazima waandike mbu, waandike na hii shamba. Hiyo barua nitapeleka zahanati mbio. Nitawaambia someni, muhuri ni yenu, sasa leteni dawa ya Cherono na watoto wote ya hii kambi."

"Hiyo barua itachukua siku ngapi?" Jelimo anauliza, akitazama upande wa kibanda.

"Ya dawa ingechukua mwaka, mama. Ya kufukuza mtu, kesho saa sita nitakuwa nayo kwa mkono."