Wimbo Niliokataa Kuutoa

Wiki aliyofariki yule mwimbaji mkongwe wa rock, mashabiki tulikutana kwenye baa moja huko Rubona, kando ya Ziwa Kivu, kila mtu apige kwenye simu yake ule wimbo wa mkongwe huyo anaoupenda. Wangu nilikuwa nimeuchagua, nikaubadili, nikaurudia: ule ambao marehemu baba aliupiga kwenye kaseti kila Jumapili akinyoa ndevu.

Lakini hakuna wimbo uliofika mwisho. Wenzangu walijirekodi wakijiliza kwenye kiitikio, wakaukata, wakarudi kucheka na kula sambaza, vile visamaki vya ziwani vya kukaanga, vidole vikimeremeta mafuta. Niliirudisha simu yangu mfukoni.

"Petit, leta simu! Wimbo yako iko wapi?" jirani yangu wa mezani aliuliza, mkono ule wa mafuta umeninyookea.

"Mi sina."

"Fan gani hana wimbo? Bure kabisa!"

Nilitoka, nikausikiliza wimbo wa baba ufukweni peke yangu, hadi mwisho.