Nusu Saa ya Video

Miaka ya kupanga foleni ya sukari ilikuwa imekwisha na maduka ya Bunda yamejaa vitu, ndipo shemeji yangu alipotuletea televisheni, deki ya video na kanda moja ya kuwafundisha watoto kusoma. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nilimshukuru kwa mdomo tu.

Ukweli niuseme: niliona wivu. Watoto wangu watatu, ambao nikiwafundisha mimi walipiga miayo, mbele ya kile kioo walitamka "a, e, i, o, u" mpaka majirani wakasikia. Kuni hazikuletwa, mbuzi wakala mihogo ya watu. Nikatoa amri: nusu saa kila alasiri, kisha kuzima. Kwa kuwa waliupenda wimbo wa mwanzo, kila siku walianza kanda upya, na kila siku nilizima palepale, kwenye "ka, ke, ki".

"Baba, bado kidogo!"

"Hata elimu ikizidi inalevya," niliwajibu, nikijiona nina hekima.

Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa kwetu, ametoka Bukima kutibiwa mguu. Kwa mila zetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemezani. Alilala kwenye jiko la nje, chakula akipelekewa na watoto. Nikitokea uani aliingia ndani mbio, na mguu wake ule mbovu. Miaka kumi na minne nilikuwa nimemuoa binti yake, na sauti yake niliisikia kwa mbali tu, akiwakemea kuku.

Alasiri moja nilizunguka nyuma ya sebule kutafuta mbuzi. Chini ya dirisha nikakuta kigoda, na mbele yake udongo umesawazishwa kwa kiganja. Herufi kubwa kubwa zilikuwa zimechorwa kwa kijiti: a, e, i, o, u, ba, be, bi... Ziliishia ka, ke, ki. Chini yake mstari uleule tena, na tena.

Nikamwita mke wangu. Akainamisha macho.

"Ni mama. Anakaaga hapa kila siku, anasikiliza na kuchungulia."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Anaona aibu, mkwe wake ni mwalimu na yeye hata jina lake hajui kuandika. Enzi zile za kisomo cha watu wazima baba alimkatalia, alisemaga dagaa hawaanikwi kwa kalamu."

Wiki mbili nzima nilikuwa nimemkwamisha mama wa watu kwenye "ki", kwa mkono wangu mwenyewe. Moyo uliniuma sana. Kwenda kumwomba radhi sikuweza, mila haikuruhusu. Kumfundisha ndiyo kabisa. Nikageuza televisheni ielekee dirishani, nikawaambia watoto waache kanda iende mpaka mwisho. Kisha kila alasiri nikawa najiondokea kwenda shamba la pamba, ili akae kwa raha. Watoto walishangilia wakidhani wamenishinda. Kuni nikawa naleta mimi.

Mguu ulipopona, alipanda gari la Musoma kurudi kwao asubuhi nikiwa darasani, kama heshima ilivyotaka. Niliporudi nilikuta ukuta wa chini ya dirisha umeandikwa kwa mkaa, herufi zimepinda, nyingine kubwa nyingine ndogo. Nilichuchumaa nikasoma, nikarudia, machozi yakanitoka. Tangu nimuoe binti yake, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza mama mkwe wangu kuniambia:

MKWE ASANTE. SASA ZIMA.

Alasiri ile watoto walipodai kanda, niliwaleta pale ukutani wasome wenyewe. Walisoma kwa sauti, wakatazamana, wakaenda kuleta kuni.